Mtoto Mtundu Anabisha Hodi: Tumjibu Nini?

Ufunguo wa kabati ulipotea siku ya Jumatatu. Kufikia Jumatano nilikuwa nimeshamlipa fundi avunje kitasa, nimeshamsema dada wa kazi kwa kosa asilolijua, na binti yangu wa miaka minne alikuwa ameshachapwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyeonekana nao mara ya mwisho na kila alipoulizwa aliinamisha kichwa tu. Alhamisi asubuhi mama yangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Korogwe, alimkuta amechuchumaa nyuma ya nyumba na kikombe cha maji mkononi.

"Mke mwenzangu, unamwagilia nini hapo?"

"Ufunguo," akajibu. "Haujaota bado."

Wiki iliyotangulia, darasani kwao walikuwa wamepanda maharage kwenye makopo. Aliona punje ikichipua. Nyumbani alinisikia nikilalamika kwamba kabati lina ufunguo mmoja tu, na ukipotea itakuwa balaa. Akayaunganisha mambo hayo mawili kadiri akili ya miaka minne inavyoweza, akachimba shimo, akaufukia, akawa anaumwagilia kila siku, hata baada ya viboko. Nilimchapa mtu aliyekuwa ananisaidia.

Nimelikumbuka tukio hilo kwa sababu majuzi kundi la WhatsApp la wazazi wa shule yetu liliwaka moto siku mbili nzima. Mzazi mmoja aliuliza afanye nini na mwanawe aliyefungua pasi ya umeme kwa bisibisi. Majibu yakamiminika. Huyu anasema samaki mkunje angali mbichi, mchape. Yule anasema muache, huyo ni injinia mtarajiwa. Mwingine anasema hicho ni kitu kinaitwa ADHD, hali ya mtoto kushindwa kutulia na kumakinika, wahi hospitali. Mwingine anasema punguza sukari. Na mmoja, kwa hasira, akaandika kwamba haya yote yameletwa na "malezi yenye mwitikio" tunayohubiriwa siku hizi, yaani kuwaachia watoto wafanye watakavyo. Walijibizana kana kwamba wanazungumzia jambo moja, kumbe kila mtu alikuwa na mtoto wake kichwani.

Neno moja, watoto wanne

Tuanze na maneno, maana vurugu nyingi zinaanzia hapo. Kiswahili chenyewe hakijaamua kama utundu ni sifa au kosa. Mtangazaji wa mpira akisema "kiungo mtundu" anamsifu mchezaji anayewapita mabeki wawili kwa hila ya mguu. Fundi wa redio akijulikana kuwa mtundu, wateja wanaongezeka. Neno hilohilo mwalimu akiliandika kwenye ripoti ya mtoto, mzazi analala na mawazo.

Ndani ya neno hilo tunawaingiza watoto wa aina nne. Yupo mdadisi, ambaye anataka kujua: anauliza, anachungulia, anawafuata siafu hadi kwenye shimo lao. Yupo mtundu hasa, ambaye naye anataka kujua, ila mikono yake ndiyo inayouliza. Atafungua, atachanganya, atachomeka. Yupo mtukutu, ambaye mwili wake hautulii. Anapanda, anaruka, anakimbia, na mara nyingi hana swali lolote kichwani zaidi ya raha ya kukimbia. Na yupo mkorofi, anayekusudia kuudhi au kuumiza, anayemfinya mdogo wake akijua kabisa kuwa inauma.

Mtoto mmoja anaweza kuwa wote wanne kati ya asubuhi na adhuhuri. Kwa hiyo litazame tendo la wakati ule, usimpe mtoto jina la kudumu. Nami nimejifunza kutazama macho. Mtoto anayedadisi, macho yake yako kwenye kitu. Ukimwita hasikii, mate yanakaribia kumtoka. Mtoto anayekupima, macho yake yako usoni kwako: mkono unakwenda kwenye glasi polepole, jicho linasubiri kuona utafanya nini. Huyu wa pili tunamwita jeuri papo hapo. Lakini hata yeye ana swali, ila kinachochunguzwa ni wewe. Anataka kujua kama "hapana" ya jana bado ni "hapana" leo.

Fikiria unavyonunua nazi sokoni. Unaitikisa sikioni usikie maji, na wala hukusudii kumuudhi muuzaji. Mtoto naye huitikisa amri. Na amri inayoshika Jumatatu, ikalegea Jumanne kwa kuwa kuna wageni, kisha Jumatano ikarudi na kofi, ni kama nazi inayotoa mlio tofauti kila siku. Ataendelea kuitikisa, na huwezi kumlaumu.

Kinachoendelea kichwani

Chukua mtoto wa miezi kumi aliyepewa kijiko. Anakiangusha. Unakiokota. Anakiangusha tena, anakitazama kilipolala, kisha anakutazama wewe. Mara ya sita unahisi unachezewa. Mtaalamu wa Uswisi Jean Piaget, aliyeishi kati ya 1896 na 1980, alikaa na watoto wake watatu akiandika mambo madogomadogo kama haya, na alichokiona ni kwamba mtoto hubadilisha: leo anaangushia kulia, kesho kwa mkono ulionyooka juu, akifuatilia kitu kinatua wapi. Sisi tunajua kwamba vitu huanguka. Yeye hajui. Kijiko kimeanguka mara tano, je, mara ya sita? Na mama amekiokota mara tano, je, atachoka lini? Hayo ni majaribio mawili kwa kijiko kimoja.

Kisha inakuja miguu, na pamoja nayo kabati la vyombo, ndoo, jiko. Karibu na miaka miwili inakuja "mimi mwenyewe!", anapong'ang'ania kuvaa viatu mguu kushoto na mguu kulia vimebadilishana. Miaka mitatu na minne inakuja "kwa nini". Kituo cha makuzi ya mtoto cha Chuo Kikuu cha Harvard kinaeleza kwamba katika miaka ya mwanzo ubongo hufunga viunganisho vipya zaidi ya milioni moja kila sekunde. Si vyote vinabaki. Ni kama njia za mkato katika uwanja wa kijiji: inayopitwa kila siku inakuwa njia, isiyopitwa inaota nyasi. Kuchokonoa, kuuliza, kurudia jambo lilelile hadi wewe unachoka, huko ndiko kupita njia.

Shida ni breki. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ile inayosema "ngoja kwanza, kutatokea nini?", ndiyo inayochelewa kuliko zote kukomaa, huendelea kujengeka hadi mtu anapofika katikati ya miaka ya 20. Waliokulia mtaani wanaijua baiskeli ya kukodi isiyo na breki. Ukiteremka mlima unakanyagiza kandambili kwenye tairi, kandambili inalia, baiskeli inapungua mwendo taratibu. Mtoto wa miaka minne ni baiskeli hiyo kwenye mteremko. Ile kandambili ni wewe. Kwa hiyo akisema alisahau kwamba ulimkataza jana, mara nyingi hadanganyi. Maneno yako anayakumbuka, tena ukimuuliza atayarudia kama kasuku, lakini hayaufikii mkono kwa wakati.

Hili halimwondolei mtoto kosa. Linaeleza kwa nini kumwambia mara moja hakutoshi, na kwa nini kupiga kelele ukiwa chumba kingine ni kupoteza sauti. Kandambili haishiki tairi la mbali. Inabidi uinuke, umfikie, umshike mkono, ndipo useme.

Kinywa kikifungwa, mikono inauliza

Paul Harris, mtafiti wa Harvard, alikadiria kwamba mtoto anaweza kuuliza maswali kama 40,000 ya kutaka maelezo kati ya umri wa miaka miwili na mitano. Makisio hayo yanatokana na watoto wa nchi za Magharibi, na hapa kuna jambo linalotuhusu moja kwa moja. Mwaka 2013 watafiti watatu walichapisha uchambuzi wa maswali ya watoto wa miaka mitatu hadi mitano katika jamii nne: Belize, Nepal, Samoa ya Marekani na Walogoli wa magharibi ya Kenya. Watoto hao waliuliza maswali ya kutaka taarifa kama watoto wengine: nani, wapi, nini. Lakini "kwa nini" zilikuwa chache sana wakilinganishwa na watoto wa Marekani.

Kwani watoto wetu hawataki kujua sababu? Sidhani. Nimelelewa katika nyumba ambayo mtoto hakuingilia mazungumzo ya wakubwa, na swali la "kwa nini" kwa baba lilikuwa karibu sawa na kumbishia. Malezi hayo yana uzuri wake, na siwezi kuyabeza: yanamfundisha mtoto kutazama. Binti wa miaka saba anajua kuwasha jiko la mkaa bila somo hata moja, kwa kuwa ametazama mara mia. Lakini mdadisi aliyefungwa kinywa hapotezi udadisi. Unamshukia mikononi. Tafsiri hii ni yangu, ya mzazi na mwalimu wa darasa la awali, ila naiona kila siku: watoto wanaoambiwa "maswali mengi!" nyumbani ndio wanaokuja kufungua kalamu zangu zote kuona wino unatoka wapi. Na ndio haohao wanaotengeneza gari la waya lenye magurudumu ya kandambili na usukani unaogeuza kweli, bila kufundishwa na mtu.

Mkoani kwetu Tanga tuna mfano ambao kila mzazi angefaa kuujua. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba alikuwa akisoma Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Siku moja nafasi ndani ya friji ilikuwa inakwisha. Mpemba akaona akisubiri maziwa yapoe ataikosa, akayaingiza yangali moto. Kwa maneno ya nyumbani, huo ni utundu, tena wa kuhatarisha mali ya shule. Baada ya saa moja na nusu hivi, maziwa yake yalikuwa yameganda, na ya mwenzake, aliyeyaweka bila kuyachemsha, yalikuwa bado.

Alimuuliza mwalimu sababu. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, haiwezekani. Hakuacha. Alipokwenda Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na hiyo ikageuka kuwa fizikia ya Mpemba, neno la kumchekea darasani. Kisha akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, kutoa mhadhara. Mpemba akasimama, akauliza lilelile, wenzake wakaangua kicheko. Osborne naye aliona haielekei kuwa kweli, lakini aliporudi Dar es Salaam aliagiza jaribio lifanywe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja, na hadi leo jambo hilo, la cha moto kuwahi kuganda kabla ya cha baridi, linaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu linavyotokea na hata kama hutokea kila mara. Mimi huwa namfikiria Osborne zaidi. Hakumwambia kijana yule kuwa yuko sahihi. Alimjibu kwa kwenda kupima.

Malezi yenye mwitikio si kudekeza

Sasa turudi kwa yule mzazi mwenye hasira. Maneno "malezi yenye mwitikio" yameenea Tanzania hasa tangu 2021, serikali ilipozindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayogusa watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Malezi yenye mwitikio ni mojawapo ya nguzo zake tano, pamoja na afya, lishe, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Nguzo hizo zinafuata mwongozo uliotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia. Kwa hiyo si jambo la mtaani lililozushwa na watu wa mitandaoni. Lakini jina lake gumu limewapoteza wengi.

Fikiria mtu akibisha mlangoni: "Hodi!" Kwetu haiwezekani ukae kimya. Unaweza kujibu "karibu". Unaweza kujibu "subiri kidogo, navaa". Unaweza hata kutoka ukamwambia leo hatuna nafasi, njoo kesho. Majibu yote hayo ni mwitikio, na yote yanamwambia aliye nje kwamba amesikika. Kukaa kimya si mwitikio. Kumtolea panga aliyebisha hodi si mwitikio.

Utundu wa mtoto ni hodi. Mtoto wa pasi alibisha hodi kwa bisibisi: alitaka kujua joto linatoka wapi. Kumwachia aendelee ni kumdekeza, na kwenye umeme ni kumuua. Kumpiga bila neno ni panga mlangoni. Kuitikia ni kumnyang'anya ile pasi papo hapo, kumtazama usoni, na kusema: "Pasi ina umeme, inaua. Hii hatufungui. Ulitaka kuona nini ndani?" Kisha umtafutie cha kufungua: redio mbovu isiyo na betri, tochi iliyokufa, saa ya ukutani iliyosimama. Mkae pamoja, skrubu ziingie kwenye kopo. Gharama yake ni nusu saa ya Jumamosi.

Naye asaidie kurekebisha alichoharibu. Aliyemwaga unga achukue ufagio, hata akifagia vibaya. Aliyeng'oa kurasa ashike gundi. Mtoto anajifunza kwamba tendo lina mkia, na mkia huo anaukanyaga kwa mguu wake mwenyewe.

Kitu kinachoharibu yote haya katika nyumba zetu ni wingi wa wakubwa. Mama anakataza, baba anacheka, bibi anaficha kosa, dada wa kazi anaogopa kusema chochote kwa kuwa mtoto akiharibu kitu ni yeye atakayesemwa. Nakiri dada wetu aliteseka kwa hilo mpaka siku ya ufunguo. Kaeni wote, bibi akiwemo, mkubaliane mambo matatu au manne tu yasiyojadiliwa: moto, umeme, barabara, kuumiza mtu. Mengine yapimwe kwa hali.

Fimbo inafundisha nini

Najua nagusa pagumu. Wengi wetu tulichapwa, na tunasema tumekuwa watu. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili kwa watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walikuwa wamepigwa ngumi, mateke, viboko au kutishiwa silaha kabla ya kutimiza miaka 18. Kenya ilifuta viboko shuleni mwaka 2001, na Katiba ya 2010 inamlinda mtoto dhidi ya ukatili wa kila aina. Tanzania Bara kanuni bado zinaruhusu viboko shuleni, visizidi vinne na kwa idhini ya mwalimu mkuu, huku Sheria ya Mtoto ya 2009 ikikataza mateso na adhabu za kudhalilisha.

Wanaotetea fimbo hunukuu methali ya samaki. Nenda kwa mama anayekausha kambale umwone anavyomkunja. Anamshika mkia, anauvuta taratibu hadi ufike mdomoni, anaufunga, ndipo anamweka juu ya moto. Anatumia vidole. Anayempiga samaki ili akunjike atabaki na samaki aliyepondeka. Methali ile inasema wahi, haisemi piga.

Fimbo hunyamazisha, hilo ni kweli, na ndiyo sababu tunaiamini. Lakini angalia kilichonyamaza. Viboko vilimfundisha binti yangu jambo moja tu, kwamba asiseme. Siku tatu ufunguo ulikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni na mimi nilikuwa nimefunga njia pekee ya kuupata. Bibi yake aliupata kwa swali. Mtoto anayechapwa kila akikamatwa hujifunza kutokamatwa, na utundu wa kujificha ndio wa hatari, kwa sababu hufanyika pasipo mtu wa kumuokoa.

Yanayosemwa ambayo si kweli

La sukari kwanza. Majaribio ambayo wala mzazi wala mtoto hakujua nani amepewa sukari hayakuonyesha kwamba sukari inawafanya watoto wakose utulivu. Katika jaribio moja la Marekani la 1994, baadhi ya akina mama waliambiwa watoto wao wamekunywa sukari nyingi ilhali hawakupewa hata kidogo. Wakawaona watukutu zaidi kuliko akina mama walioambiwa ukweli walivyowaona watoto wao. Punguza sukari kwa ajili ya meno na afya, lakini usitegemee itakuletea mtoto mtulivu. Usingizi utasaidia zaidi: mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukihesabiwa, na wengi wa mjini hawaupati. Simu nayo inatuliza kama kifuniko kinavyotuliza sufuria inayochemka. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku.

Lingine: mtundu ndiye mwenye akili. Hapana. Yupo mtoto anayekaa kimya kwenye kona na anadadisi kwa macho, na huyu tunamsahau kwa kuwa hajavunja kitu.

Na hili linaniuma: utundu ni wa kiume. Mvulana akifungua redio ni fundi. Msichana akifungua redio ni mtoto wa kike asiyetulia, nani atamuoa? Nimesikia maneno hayo akiambiwa mtoto wa miaka mitano.

Kisha ADHD. Ni hali halisi inayohusu umakini na kujizuia, na si tusi wala matokeo ya malezi mabaya. Lakini haipimwi kwa pasi moja. Wataalamu hutafuta dalili zilizodumu angalau miezi sita, zilizoanza kabla ya miaka 12, zinazoonekana mahali zaidi ya pamoja, yaani nyumbani na shuleni pia, na zinazomharibia mtoto masomo au uhusiano na wenzake kupita watoto wa rika lake. Mtoto anayeweza kukaa saa nzima na redio mbovu lakini hatulii kanisani wala madrasa, huenda amechoshwa tu. Mtaalamu ndiye wa kuamua. Ila kabla ya yote, mpime masikio. Mara mbili nimekuwa na mtoto darasani aliyeitwa kaidi nyumbani, kumbe hasikii vizuri kwa sababu ya masikio yanayotoa usaha.

Pale ambapo hodi haina nafasi

Kuna watu hupenda kusema mtoto akililia wembe mpe, ajifunze. Usimpe. Mafuta ya taa yasikae kwenye chupa ya soda au ya maji, kamwe. Kwa mtoto chupa ya soda ni soda. Akiyanywa usimtapishe, mkimbize hospitali, kwa maana akitapika yanaweza kuingia kwenye mapafu. Sumu ya panya na dawa za mbu ziwe juu na zifungwe. Ndoo au beseni la maji haliachwi wazi, mtoto mchanga wa kutambaa huzama kwenye maji machache sana. Mpini wa sufuria ugeuzwe nyuma ya jiko. Na zile betri bapa kama sarafu, za rimoti na vinyago vinavyolia: mtoto akiimeza ikakwama kooni inaweza kuunguza nyama za koo ndani ya saa mbili. Hapo usisubiri itoke chooni. Nenda usiku huohuo.

Nyumba ikishakuwa salama, "hapana" zinapungua, na zilizobaki zinasikika.

Wiki iliyopita nilirudi nikakuta mtungi wa maji ya kunywa ni mtupu, sakafu imelowa hadi sebuleni, binti yangu ameingiza mkono wote ndani ya mtungi hadi begani. Nilivuta pumzi. Nikachuchumaa.

"Ulikuwa unatafuta nini, mwanangu?"

"Baridi," akasema. "Maji ya ndoo hayana, ya mtungi yanayo. Nataka kuona inakaa wapi."

Nikampa tambara lake, nikachukua langu, tukaanza na sakafu.